Rafiki wa Jinsia Nyingine na Ndoa Yenu: Namna ya Kuwa Wazi Bila Kupekuana Simu

Simu imelazwa kifudifudi mezani, inatetemeka saa tatu na nusu usiku. Jina linalosomeka ni "Fundi Gereji". Mwenye simu anaichukua, anatoka nje, anarudi baada ya dakika kumi na kusema ni mambo ya gari. Kumbe aliyepiga ni mama mmoja wa ofisini aliye naye kwenye kikoba, na walichoongea ni rejesho la Jumamosi tu. Hakuna baya lililotendeka. Lakini siku mke atakapogundua "Fundi Gereji" ni nani, maelezo yote ya mume yatakuwa yamechelewa, kwa sababu jina la uongo limeshatoa ushahidi kabla yeye hajafungua mdomo.

Wanaume na wanawake walio kwenye ndoa zao wana marafiki wa jinsia nyingine na wataendelea kuwa nao. Wanafanya kazi pamoja, wanaimba kwaya moja, wanakaa kamati moja ya harusi. Kinachoangusha nyumba huwa ni mambo mawili: urafiki kufichwa, na habari za ndani kupelekwa kwa rafiki. Yote mawili yana namna ya kuzuilika, na hayahitaji mtu kukata urafiki wake wala kukaguliwa kama mtuhumiwa.

Kikao cha kwanza, kabla hakujawa na kesi

Mazungumzo haya yafanyeni siku ambayo hakuna anayemshuku mwenzake. Wachumba wayafanye kabla ya kupanga tarehe ya harusi. Walio kwenye ndoa tayari, hata ya miaka 15, wachague siku ya mapumziko. Dakika 40 hadi 60 zinatosha. Mkivuka hapo mtaanza kufukua ya mwaka juzi. Kaeni sebuleni au barazani, watoto wakiwa wamelala au wako kwa bibi yao, nanyi mmeshakula. Chumbani msikae, maana kitanda kikishageuzwa mahakama ni kazi kukirudishia heshima yake. Simu zote mbili zizimwe sauti na kuachwa chumba kingine, kwa kuwa siku hiyo hamkagui simu, mnaongea habari za watu.

Kila mmoja ataje watu wa jinsia nyingine, wasio ndugu wa damu, anaowasiliana nao angalau mara moja kwa wiki. Kwa kila mtu aseme mambo manne: walijuana wapi, huwa wanaongea nini, kuna pesa inayopita kati yao au hakuna, na kama kuliwahi kuwa na mapenzi au mmoja kumtongoza mwenzake. Hilo la nne ndilo watu huliruka, na ndilo linalorudi kwa kishindo, kwa sababu mwenzako atakuja kulisikia kwa wifi au kwa rafiki wa shule kwenye msiba. Lisemwe kwa kifupi: "Tulikuwa wapenzi mwaka 2014, tukaachana kabla sijakujua." Undani wa mapenzi yale usitolewe wala usiulizwe. Picha ukishaichora kichwani mwa mwenzako huwezi kuifuta.

Anayesikiliza asiulize chochote mpaka majina yaishe. Akidakia kwenye jina la pili, la tatu halitatajwa kamwe. Na msiandike orodha hiyo mahali popote. Karatasi hukaa kabatini, siku ya ugomvi ikatolewa kama kielelezo.

Makubaliano: matano, yasizidi

Wanandoa wengi huandaa kanuni nyingi mno, na nyingi kati yake huwa zimetungwa kwa hasira. Kanuni 20 hakuna anayezikumbuka, kwa hiyo kila wiki kuna aliyevunja mojawapo na kila wiki kuna kesi. Chukueni tano tu zinazogusa maisha yenu.

Ya kwanza ni muda. Mazungumzo yasiyo ya kazi wala dharura yaishe saa tatu usiku. Kwa muuguzi, dereva wa masafa au mlinzi wa zamu, saa hazifai kuwa kipimo. Hao wakubaliane kwamba muda ambao wote wawili wako nyumbani ni wa nyumba. Usiku mtu amechoka, ulimi umelegea, na maneno ambayo saa nne asubuhi yangeonekana ya ajabu, saa nne usiku huonekana ya kawaida.

Ya pili ni faragha: watu wawili wasikae peke yao mahali palipofungwa. Watu wa mwambao walikuwa na utaratibu wao tangu zamani. Mgeni wa kiume asiye wa karibu hupokewa barazani, na kama mwenye nyumba hayupo, salamu huishia hapo hapo. Kwa Waislamu jambo hili lina hukumu yake: mwanamume na mwanamke wasio maharimu, yaani wasio ndugu walioharamishwa kuoana daima, hawakai faragha, na shemeji pia si maharimu, ingawa majumbani huachiwa uhuru kama kaka au dada wa damu. Wasio Waislamu nao wananufaika na kanuni hii kwa sababu nyepesi sana, nayo ni kwamba inamlinda hata asiye na hatia dhidi ya maneno ya majirani. Chakula cha mchana cha watu wawili kwenye mgahawa wa wazi si faragha. Gari lenye vioo vyeusi lililoegeshwa ni faragha.

Ya tatu ni pesa, na hapa tukae kidogo. Muamala una jina, una kiasi, una saa. "Umetuma 50,000" kwenda kwa jina ambalo mwenzako hajawahi kulisikia, tena na ya kutolea, unaweza kuleta ugomvi wa miezi hata kama pesa ile ilikwenda kununua dawa ya mtoto mgonjwa. Wekeni kiwango. Nyumba yenye kipato cha laki sita kwa mwezi inaweza kusema: chini ya 20,000 kila mmoja ana uhuru wake, juu ya hapo tunaambizana kabla ya kutuma. Michango ya harusi na misiba isihesabiwe humo, kwa kuwa ina kadi au orodha inayoonekana. Kukopesha kuhesabiwe. Na kumdhamini rafiki kwenye mkopo au kikoba kuhesabiwe zaidi ya kukopesha, maana rafiki akishindwa, jokofu linalobebwa ni la nyumba yenu.

Ya nne ni lifti. Kumpakia mtu yule yule kila asubuhi si kosa, ila mwenzako alisikie kwako kabla hajalisikia kwa kijana wa bodaboda pale kijiweni. Ya tano: rafiki mpya atajwe nyumbani ndani ya wiki mbili, kwa jina lake.

Sasa jambo ambalo lazima lisemwe bila kuzunguka. Zipo nyumba nyingi ambamo mume ana "washikaji wa kike wa kazini" na mke alitakiwa kufuta namba zote za wanaume wiki ile ya harusi. Makubaliano ya namna hiyo hayadumu. Mke atatii kwa midomo, moyoni atajiona mfungwa, na urafiki wake utaendelea chini kwa chini, na huko ndiko unakoharibikia. Kanuni yoyote ambayo mmoja wenu hangekubali kufungwa nayo, itoeni siku hiyo hiyo.

Simu: kujuana namba za siri si kukaguana

Ushauri wetu ni huu: kila mmoja aijue namba ya kufungulia simu ya mwenzake, kwa ajili ya ajali, ugonjwa na kifo. Mtu amelazwa hana fahamu, kazini wanapaswa kujulishwa, na namba ya bosi iko ndani ya simu iliyofungwa. Hayo hutokea kila siku. Namba ya siri ya M-Pesa, Mixx au Airtel Money ni jambo jingine. Kampuni zenyewe zinakataza mtu kuitoa kwa yeyote, na kinachotosha ni mwenzako kujua pesa ziko mitandao gani na benki gani.

Kuijua namba si ruhusa ya kufungua simu mwenzako akiwa bafuni. Anayepekua husoma maneno bila sauti wala sura. "Umenimaliza leo" huenda ilikuwa utani wa ofisini. Ikisomwa saa saba usiku na mtu mwenye wasiwasi, ni ushahidi. Halafu anabaki na mzigo: akiuliza atajulikana amepekua, akinyamaza atazidi kupekua. Wengine huunganisha WhatsApp ya mwenzao kwenye simu au kompyuta nyingine kwa siri, maana akaunti moja inaweza kuunganishwa na vifaa vinne zaidi ya simu yenyewe. Hilo msifanye. Tanzania, kuingia kwenye mfumo wa kompyuta bila idhini ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na hata sheria ikiwekwa kando, ndoa ambayo mmoja anamchungulia mwenzake kimya kimya imeshapoteza kile ilichotaka kukilinda. Kama una hofu kwamba wewe unachunguliwa, fungua mipangilio ya WhatsApp, tazama orodha ya vifaa vilivyounganishwa na uondoe usichokitambua.

Uwazi wa simu unaoleta amani ni wa mambo madogo. Majina yaandikwe kama yalivyo; hakuna "Fundi Gereji", hakuna herufi moja moja. Simu ikae mezani kioo juu. Meseji za kujifuta zina muda wa saa 24, siku 7 au siku 90. Ukiziwasha kwa kila mtu ili simu isijae, hilo linaeleweka, lakini ukiziwasha kwa mtu mmoja tu, jiulize mwenyewe kwa nini kabla hujaulizwa. Simu ikiita mkiwa wote, pokea hapo hapo ulipo. Kama ni lazima utoke, sema kwanza: "Ni Mama Joshua wa ofisini, ana shida ya ripoti, natoka kidogo kelele za TV." Maneno hayo huchukua sekunde tano na huokoa usiku mzima.

Siri ya rafiki nayo ina heshima yake. Akikueleza habari ya ugonjwa wake au ya ndoa yake, huna wajibu wa kuisimulia nyumbani neno kwa neno. Mwambie mwenzako: "Amenieleza jambo lake zito, si langu kulisema, wala halituhusu sisi." Mwenzi anayejua kwamba lipo jambo hukaa kwa utulivu zaidi kuliko anayeligundua mwenyewe.

Rafiki awe mgeni wa wote wawili

Urafiki ukishazidi salamu za kazini, mlete mtu nyumbani. Chagua Jumapili mchana, aje na mwenzi wake kama anaye, na atakayealikwa ajulishwe kwamba anakuja kwa wenye nyumba wote. Akifika, amsalimie mwenzako kwanza. Muachie mwenzako dakika za kuongea naye bila wewe. Nenda katazame mkaa au kachukue soda dukani. Wabadilishane namba. Tangu hapo rafiki akipiga na ukawa bafuni, simu inaweza kupokelewa: "Shemeji, anaoga, atakupigia."

Neno "shemeji" lina uzito wake, kwani linamkumbusha rafiki kwamba anakuhesabu wewe kupitia ndoa yako. Wapo wanaolitumia kama pazia, kwa hiyo litazameni pamoja na matendo. Rafiki anayekwepa kumjua mwenzako mara tatu mfululizo, kila akialikwa ana udhuru, au anayeanza ujumbe kwa "usimwambie", huyo anataka nafasi ambayo si ya rafiki.

Mwenzako akisema "huyu mtu simwelewi" baada ya kukutana naye, usimjibu kwa kumtetea rafiki. Uliza ameona nini. Mara nyingi atataja kitu kimoja mahususi, mkono uliokaa begani mno au mzaha uliorudiwa, na kitu hicho kinaweza kurekebishwa bila kuvunja urafiki.

Mzazi mwenza ana utaratibu wa peke yake, maana huwezi kumkata na wala hupaswi. Matumizi ya mtoto yatumwe tarehe moja kila mwezi, kiasi kinachojulikana nyumbani. Mazungumzo yahusu shule, afya na ratiba ya kumwona mtoto. Makabidhiano yafanyike kwa babu na bibi, shuleni au mlangoni, mchana. Kinachoharibu hapa ni simu za "mtoto anaumwa" zinazoisha kwa kukumbushana ya zamani, nazo dawa yake ni mwenzako kujua kila mtoto anapougua, siku hiyo hiyo, na ikiwezekana yeye ndiye apige kumpa pole mama wa mtoto.

Yasiyopaswa kufika kwa rafiki

Hapa ndipo urafiki mwingi unapogeuka, na hugeuka polepole mno kiasi kwamba wahusika hawaoni. Kwanza mnalalamikia kazi. Kisha siku moja mmekosana nyumbani, rafiki anakuona umenuna, anauliza, unamwambia "mume wangu siku hizi haongei". Anakusikiliza vizuri, na kwa nini asikusikilize, yeye hana ada ya mtoto ya kugombana na wewe, wala umeme uliokatika, wala mama mkwe. Unaanza kuwalinganisha. Wa nyumbani unamwona akiwa amechoka saa mbili usiku. Huyu unamwona saa ya chai, amenyoa vizuri, anacheka. Baada ya muda jambo jipya likitokea, zuri au baya, wa kwanza kuambiwa ni yeye. Halafu unaanza kufuta meseji, ingawa bado hakuna aliyemshika mwenzake hata mkono.

Basi wekeni mpaka: kitanda, madeni ya nyumba, ugonjwa wa mwenzako na ugomvi wenu haviendi kwa rafiki wa jinsia nyingine. Hii haina maana mtu afe na jambo moyoni. Wapo watu waliowekwa kwa kazi hiyo: somo au kungwi kwa mwanamke, mshenga, wasimamizi wa ndoa yenu, sheikh au mchungaji, shangazi mwenye busara. Chagueni pamoja, mapema, mtu au wanandoa ambao kila mmoja ana ruhusa ya kuwafuata bila kuomba kibali, na yakisemwa huko yasihesabiwe kuwa ni kutoa siri.

Ukijikuta umeshateleza

Ukiona unafuta meseji, unajipamba kwa ajili ya siku ya kukutana naye, au unakereka mwenzako akikaa karibu ukiwa unaandika, punguza leo. Mtumie rafiki ujumbe mfupi wa mchana: "Nimeona tumezidi kuongea mambo ya nyumbani kwangu. Nitabaki kwenye mambo ya kazi. Nakushukuru." Usiandike barua ndefu ya kuagana, wala usiombe mkutane "mara ya mwisho", hiyo mara ya mwisho ndiyo huzaa mwanzo.

Kisha mwambie mwenzako, siku hiyo au kesho yake, kukiwa na saa nzima mbele yenu na yeye hana pa kukimbilia. Anza na jambo lenyewe: "Mama Neema, nina jambo la kukwambia, na kosa ni langu. Mimi na fulani wa ofisini tumekuwa tukiongea sana, mpaka nimemweleza ugomvi wetu wa mwezi jana. Hakuna kilichozidi hapo. Nimemwandikia leo nikasitisha." Useme yote kwa mara moja. Anayesema kwa mafungu, leo robo, wiki ijayo robo, humfanya mwenzake asubiri fungu linalofuata maisha yake yote. Kama mlifika mbali zaidi ya maneno, lisemwe pia, na mwende wote kituo cha afya kupima, VVU na magonjwa mengine ya zinaa, na mrudie kipimo kwa tarehe mtakayopewa.

Baada ya hapo aliyeumizwa atauliza maswali yale yale mara kumi. Mjibu mara kumi, kwa sauti ile ile.

Ukiwa wewe ndiye mwenye shaka

Usiulize usiku wa manane wala mbele ya watoto. Usipige namba ile kumtukana mwenye nayo. Mara nyingi atakuwa mtu wa kazi kweli, na aibu itabaki kwako. Taja ulichokiona, si ulichokihisi, na uulize jambo moja: "Baba Neema, wiki hii mara tatu umepokea simu nje baada ya saa tatu. Sijalala vizuri. Ni nani?" Kisha nyamaza. Kimya hicho ni kigumu, lakini ukikijaza kwa tuhuma utampa nafasi ya kukasirikia tuhuma badala ya kujibu swali.

Jibu lisipotosha, mpe siku mbili, rudieni. Likishindikana nendeni kwa wasimamizi wenu, watu wawili tu, kabla ya kuita ukoo. Kikao cha watu 15 hutoa hukumu, na hukumu hiyo ndugu wataikumbuka hata ninyi mkishasameheana. Tanzania, mkifika mahali pa kuvunjika kabisa, Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka mgogoro upitie kwanza Baraza la Usuluhishi wa Ndoa kabla ya shauri la talaka, isipokuwa kwa sababu maalumu. Watu wengi hulifuata wakiwa wameshaamua kuachana, ilhali lilikusudiwa kupatanisha. Sheria hiyo hiyo, kifungu cha 66, inasema hakuna mwenzi mwenye haki ya kumpiga mwenzake. Wivu hauhalalishi kofi, wala kumfungia mtu ndani, wala kuvunja simu yake. Ikifikia hapo acheni mazungumzo. Aliyepigwa aende kituo cha polisi penye Dawati la Jinsia na Watoto, na hospitali.

Nyumba ambazo hazijafika huko ziweke kikao kifupi kila baada ya miezi mitatu, dakika 20 tu. Nani mpya, nani hayupo tena, kanuni gani imebana bila sababu. Ile ambayo imepita miezi hiyo mitatu bila yeyote kuihitaji, ifuteni.